Toa ya Katikati

Mashine iliyoniweka kazini ilikuwa na ukubwa wa sufuria ya kupikia ugali wa familia, na wajibu wake duniani ulikuwa mmoja: kuzunguka. Unaweka kipande cha kioo juu ya kisahani kilicho ndani yake. Pampu inavuta hewa kupitia tundu la kisahani ili kioo kishikwe kisiruke. Unadondosha tone la myeyusho katikati ya kioo, unafunika, unabonyeza kitufe. Kioo kinazunguka kwa kasi, tone linatawanyika, na unabaki na utando mwembamba uliolala sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Hayo ni maelezo ya kitabuni. Sisi tuliiita spina, kama ile ya kukamulia nguo, na kwa kweli kama ingekamua nguo ingekuwa imemsaidia mtu.

Kampasi yetu iko juu ya Litein, mahali ambapo ukifungua dirisha unaona chai, ukifungua la upande wa pili unaona chai, na ukikata tamaa ukaketi, unaletewa chai. Mkuu wa idara alikuwa na mradi wa utando unaobadilika rangi maziwa yanapoanza kuchacha. Lilikuwa wazo zuri. Lilimfaa kila mtu isipokuwa watu wa hapa, ambao maziwa yakichacha vizuri ndani ya kibuyu huyaita mursik na kumpa mgeni wa heshima. Nilifikiria kumwambia. Nilifikiria kwa majuma kadhaa. Halafu nikafikiria kwamba akikubaliana nami mradi utafungwa, na mradi ndio unaonilipa, basi nikanyamaza na kuendelea kuunga mkono sayansi.

Mkuu alinikuta kwenye korido mwishoni mwa juma, mahali anapopenda kutolea habari mbaya kwa sababu huwezi kuketi.

"Bwana mdogo, kamati ya vifaa ya kampasi kuu inakuja Ijumaa."

"Kuangalia spina?"

"Kuangalia kama inatoa kitu. Ikitoa utando safi inabaki hapa, na kandarasi yako inaendelea. Isipotoa, wanaibeba."

"Na mimi?"

"Wewe umeajiriwa chini ya spina," akasema, akaenda zake.

Nilisimama pale nikijaribu kuelewa hiyo "chini ya". Je, spina ni bosi wangu? Je, ikibebwa nabebwa nayo, au naachwa mezani kama alama ya vumbi inayobaki kitu kikiondolewa? Nina shahada ya fizikia na tabia ya kufikiria jambo mpaka liharibike, na hivyo viwili nilivipata pamoja.

Jambo lenyewe lakini halikuhitaji kufikiriwa sana. Mama yangu alikuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, akachuma chai, akahamishiwa kiwandani, na mwisho wa mwezi ule alikuwa anastaafu. Nyumba ya kampuni unaishi ukiwa na kazi. Ukistaafu unaacha ufunguo. Alikuwa ameshawatangazia majirani wa laini nzima ya nyumba za kampuni kwamba tunahamia Litein, vyumba viwili, kijana atalipa. Kijana huyo ni mimi. Alikuwa ameshanunua pazia, la maua makubwa ya zambarau, kwa ajili ya dirisha ambalo hajaliona. Kwa hiyo utando ukitoka safi, tuna vyumba viwili na pazia. Ukitoka mchafu, pazia litafute dirisha lake lenyewe.

Jumatatu utando ukatoka na doa.

Lilikuwa doa la mviringo, katikati kabisa, kama alama ambayo kikombe cha chai huacha juu ya meza. Nikapaka kioo kingine. Doa. Kingine. Doa, sasa likionekana kama limenizoea. Nilishuku mvua, maana hunyesha kila alasiri na unyevu hutia utando ukungu. Nikapaka asubuhi jua likiwaka, doa likafika mapema vilevile. Nilishuku vumbi la kiwanda cha chai kilicho bondeni, ile sufi nyepesi inayopeperuka wakati majani yanakaushwa, lakini vumbi huacha mistari yenye kichwa na mkia, haliachi duara. Nilishuku birika la maabara, ambalo kwa sheria halipaswi kuwepo na kwa hiyo hukaa nyuma ya mlango. Nikalitoa nje. Doa likabaki, na walimu wawili wakaacha kunisalimia. Nikalirudisha nikaanza kushuku mkono wangu, unaotetemeka nikishika pipeti, halafu nikashuku kwamba unatetemeka kwa sababu naushuku.

Kitu pekee ambacho sikukishuku ni pampu. Pampu ilikuwa mpya, imeletwa juma lililopita tu, na mimi huviheshimu vitu vipya.

Aliyejua mambo haya alikuwa mtaalamu mkuu wa maabara, mama tuliyemwita Madam, aliyesomea vifaa vya maabara wakati mimi nasomea kutambaa. Juma hilo alikuwa Ndanai kwa koito ya binti ya dada yake. Koito ni ile shughuli ya familia mbili kuketi pamoja kukubaliana kuhusu uchumba, na huchukua muda kwa sababu kila mtu ana jambo la kusema na hakuna anayelisema kwa ufupi. Mtandao wa kule, alikuwa ameniambia, unapatikana ukisimama nyuma ya zizi na kuinua simu. Nilimtumia picha ya doa pamoja na ujumbe mrefu wa kuomba radhi kwa kumtumia picha.

Alinipigia Jumanne asubuhi. Nyuma yake wanawake walikuwa wanaimba.

"Weri, nimeona picha." Weri ni kijana kwa Kikipsigis, hajawahi kuniita jina langu na sijui kama analijua.

"Asante Madam. Pole kukusumbua. Sikutaka kukusumbua, nilikuwa nimeamua nisitume, halafu nikafikiria..."

"Sikiza, network inaenda. Hiyo ni toa ya katikati."

"Ya katikati?"

"Ee. Toa ya katikati. Ni hiyo tu inakusumbua. Sasa hiyo pampu yenu..."

Mtandao ukaenda, kama ulivyoahidiwa.

Toa ya katikati. Nilikaa na maneno hayo kama mtu aliyekaa na swali la mtihani. Katikati ya nini? Juu ya meza kulikuwa na pampu, bomba la hewa na spina, kwa mpangilio huo, kwa hiyo ya katikati ni bomba. Lakini ukitoa bomba, pampu inavuta hewa ya chumba tu. Ukutani kulikuwa na soketi tatu, moja katikati ya nyingine mbili. Niliiangalia kwa muda. Halafu nikakumbuka kwamba spina huzunguka kwa awamu, polepole, kasi ya kati, kisha kasi kubwa. Nikafuta awamu ya kati. Nikapata doa lilelile pamoja na michirizi. Nikairudisha awamu na kuiomba samahani.

Mwishowe niliamua kwamba mtu wa vifaa akisema katikati anamaanisha katikati ya kisahani. Na pale, kuzunguka tundu la hewa, kulikuwa na oringi, kile kimpira cha mviringo kinachozuia hewa isivuje kioo kikishikwa. Doa lilikuwa la mviringo. Oringi ilikuwa ya mviringo. Nilihisi akili yangu ikifanya kazi, hisia ambayo siku hizi nikiipata huwa naweka vifaa chini.

Nikaichokoa kwa pini. Ilikuwa imezeeka na kukauka, ikatoka vipande viwili kama chapati ya juzi.

Nikaweka kioo, nikawasha. Spina ikaandika kwamba hakuna mvuto na ikakataa kuzunguka. Ukitaka kuwa mkweli, doa lilikuwa limekwisha. Hata utando ulikuwa umekwisha.

Nilimpigia Madam mpaka simu yangu ikapata moto. Alasiri akarudi nyuma ya zizi.

"Weri, mbona umenipigia hivi? Nilidhani maabara imeungua."

"Haijaungua, Madam. Nimetoa."

"Umetoa nini?"

"Ile ya katikati."

Nyuma yake mzee mmoja alikuwa anahutubia familia zote mbili.

"Ya katikati gani?"

"Oringi. Ulisema nitoe ya katikati."

"Mimi nilisema toa."

"Ndiyo. Nikatoa."

"Si toa. Toa."

"Madam, hiyo ndiyo nimetoa."

"Wewe. Chai ikimwagika kwa shati yako nyeupe, kunabaki nini?"

"Doa," nikasema, na nikatazama vile vipande viwili vya mpira mezani.

"Ee. Hiyo. Toa."

Nimekulia huku, sina kisingizio. Najua kwamba kwa Madam, aliyezaliwa Boito kwa Wakipsigis, d na t ni ndugu wanaoazimana nguo, na kwamba akisema tawa amekusudia dawa. Kwetu ziwani nako sh hupotea njiani, mama yangu huniambia nipige pasi sati, kwa hiyo hakuna anayemcheka mwenzake kwa muda mrefu. Bado napenda kulaumu ngeli. Kwa Kiswahili cha vitabuni ni doa la katikati, na hiyo "la" moja ingeokoa mpira. Lakini bara tumeamua kila kitu duniani ni "ya": doa ya, shati ya, gari ya. Nilipata alama nzuri za Kiswahili shuleni, na mimi mwenyewe nikikutana na mtu humuuliza jina yake ni nani.

Madam alikuwa ameshageuka na kuwaeleza watu kwa Kikipsigis. Nilisikia hotuba ya mzee ikikatika, halafu kicheko kikianza kwa wanawake na kuhamia kwa wanaume. Nimewahi kualikwa kwenye sherehe nikazichangamsha kidogo kuliko nilivyoichangamsha ile ambayo sikualikwa.

"Mzee anauliza kama wewe ni mtu wa ziwa," akarudi kusema. "Anasema samaki imekuziba masikio."

"Mwambie ni mvua ya Kericho."

Akawaambia. Wakacheka tena.

"Sasa hiyo oringi iko wapi?"

"Imekatika."

"Imekatika." Alilirudia neno polepole, kama anayelionja. "Na ya akiba iliisha. Haya. Nakuja Alhamisi. Usitoe kitu ingine."

"Sawa."

"Hata nikisema toa."

"Sawa, Madam."

"Na hiyo pampu..." akasema, na mtandao ukaondoka mara ya pili mahali palepale, kama ng'ombe anayejua geti lake.

Jumatano nikateremka Litein na vipande vyangu viwili ndani ya bahasha. Kuna duka linalouza vipuri vya pampu za maji, majiko ya gesi na mabomba ya kupulizia ng'ombe dawa ya kupe. Mwenye duka, mama aliyejifunga leso juu ya sweta, alinisikiliza kwa uvumilivu.

"Oringi ya nini?"

"Ya spina."

"Ya kufua."

"Hapana, inazungusha kioo. Kuna hewa inavutwa chini, kioo kinakaa juu, halafu unadondosha..."

"Kioo ya gari?"

"Kioo kidogo."

"Gari ndogo," akakubali, akasubiri.

Nilianza upya, kutoka kwenye maziwa. Nilipofika kwenye utando alikuwa ameshamwaga oringi za mabomba ya kupe juu ya kaunta. "Chagua mwenyewe, mimi sijui kazi yako." Nikazilinganisha moja moja na vipande vyangu, nikarudia, nikaziinua kwenye mwanga, nikamwomba anisogezee rula. Mteja wa nyuma yangu akamuuliza mwenye duka kama huyu kijana anatafuta pete ya uchumba. Nikachukua iliyokaribia zaidi. Ilikuwa nene kidogo. Niliona ni nene, nikailipia, na nikaendelea kuona ni nene njia nzima.

Ilipokaa kwenye kisahani ilitokeza juu, na kioo kikalala juu yake upande upande, kama mtu aliyeketi kwenye benchi asiyotaka kuketi. Nikawasha pampu. Geji, kile kipimo cha mvuto, ikapanda, ikasita chini ya pale ilipozoea kufika, ikatulia. Spina ikakubali. Nikadondosha tone, nikafunika, nikabonyeza, na kwa kuwa nilitarajia kioo kiruke nikaenda kusimama nyuma ya mlango pamoja na birika.

Hakikuruka. Nilipofunua, utando ulikuwa safi. Hapakuwa na duara wala kivuli cha duara. Nikapaka kingine, na kingine. Safi.

Mtu wa kawaida angefurahi. Mimi niliingiwa na hofu. Kitu kikiharibika bila sababu nakielewa, hayo ndiyo maisha. Kikipona bila sababu, kinaweza kubadili nia.

Jioni mama alikuwa anapinda pazia ukingoni kwa sindano.

"Imepona?"

"Imepona, lakini sijui kwa nini."

"Wewe ukipona malaria, unauliza kwa nini?"

"Ningeuliza."

"Najua ungeuliza," akasema. "Sika hapa." Akanipa ncha ya pazia nishike.

Madam akaja Alhamisi na chupa ya mursik kutoka kwenye koito, akaiweka juu ya meza ya mradi wa kugundua maziwa yaliyochacha. Akatazama vioo vya Jumatatu, akatazama vya Jumatano. Akainama kwenye kisahani.

"Hii ni ya nini?"

"Ya bomba la kupe."

Akawasha pampu, akasikiliza, akatazama geji. Halafu akaketi.

"Hiyo ndio nilitaka kukuambia kwa simu. Pampu mpya inavuta kama ndama. Kioo chenu nayo ni nyembamba, ikivutwa inabonyea katikati, tawa inakaa hapo, inakuwa toa. Nilitaka tu upunguze. Kuna koki hapa nyuma."

Kulikuwa na koki nyuma ya pampu. Naifahamu vizuri, nilikuwa naipangusa vumbi kila asubuhi.

"Sasa mpira yako inavuja," akaendelea. "Inavuja vizuri. Imepunguza yenyewe."

"Kwa hiyo nilikosea kutoa, halafu nikakosea kununua."

"Na makosa yako yamesikizana. Si kila mtu anapata hiyo."

"Tufanye nini kuhusu kesho?"

"Tuache."

"Na ikikataa?"

"Weri, kunywa maziwa."

Kamati ilikuja Ijumaa baada ya saa nne, maana saa nne kamili ni wakati wa chai na hakuna kamati inayokosea wakati huo. Walikuwa watatu. Mwenyekiti aliuliza kwanza kama spina ina kibandiko cha namba. Ilikuwa nacho. Wakakisoma kwa kupokezana, na nikaona kwamba kwao kazi ilikuwa karibu kwisha. Mkuu wa idara akawaeleza kuhusu maziwa, na kwamba juma lilikuwa limeanza na tatizo dogo. Kisha wote wakanigeukia.

Nikaweka kioo. Nikawasha pampu. Geji ikapanda, ikasita, ikashuka, na spina ikaandika kwamba hakuna mvuto.

Mwenyekiti akatazama saa yake. Mkuu akatazama dari. Mimi niliona pazia la zambarau, limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kitanda cha nyumba ambayo si yetu. Nilifikiria bomba, awamu, unyevu, kibandiko, na jinsi nitakavyomweleza mama maana ya kuwa chini ya spina. Kisha kwa mara ya kwanza juma lile nikaishiwa na mambo ya kufikiria. Kilichobaki kilikuwa kile kioo, nami nilikuwa nimekiona tangu Jumatano jinsi kinavyoketi upande upande. Nikakibonyeza kwa kidole cha glavu kwenye ukingo ulioinuka, taratibu, mpaka nikahisi mpira umekaa. Geji ikapanda, ikatulia. Nikadondosha tone na kubonyeza kitufe.

Utando ulitoka safi. Mwanakamati mmoja, mama wa Nairobi aliyekuwa hajasema kitu, akaubeba hadi dirishani, akaugeuzageuza.

"Mlikuwa mmesema kuna tatizo," akasema. "Lilikuwa lipi?"

"Kulikuwa na toa ya katikati," Madam akajibu.

"Na mkafanya nini?"

"Huyu kijana akatoa."

Mama wa Nairobi akanitazama kwa heshima ambayo sijaiona tena tangu siku hiyo. Madam alikuwa anatazama mashamba ya chai, mabega yakimtikisika.

Mkuu alinikuta kwenye korido jioni ile. Spina inabaki, akasema, na kandarasi yangu inaendelea mpaka kamati irudi. Nikauliza itarudi lini. Akasema watatuambia. Nimelifikiria jibu hilo kwa kila upande na halina upande mzuri, lakini tulihamia Litein mwisho wa mwezi, vyumba viwili. Dirisha ni dogo kuliko imani ya mama. Pazia linaanzia karibu na dari na kuishia sakafuni, na wageni wakija anawaambia ndivyo alivyotaka.

Oringi halisi ililetwa baadaye, ikiwa imefungwa vizuri ndani ya plastiki. Iko kwenye droo. Tukiiweka, tutalazimika kupunguza mvuto kwa koki, kama mashine ilivyokusudiwa, na hakuna sababu ya kisayansi ya kutofanya hivyo. Ile ya kupe bado iko kazini. Kila asubuhi kabla sijavaa koti jeupe huinama kuiangalia kama bado inavuja kiasi kilekile, wala zaidi wala pungufu.

Madam hunikuta hapo, kikombe mkononi.

"Weri, unaangalia nini?"

"Katikati."

"Kuna toa?"

Na mimi, kabla sijagusa kitu, humwomba aseme tena.